Jinsi ya kuchagua kipasha mikono kwa baridi ya alfajiri ya Dodoma

Karibu, ndugu mtazamaji. Hapa mezani nimepanga vifaa vinne ambavyo vyote huitwa vipasha mikono, yaani vifaa vidogo vya kutia mfukoni vinavyotoa joto kwa ajili ya viganja na vidole. Katika video hii nitakuonyesha namna ya kuchagua kinachokufaa wewe unayetoka nyumbani kabla jua halijachomoza, uwe mwendesha bodaboda unayewahi abiria wa stendi ya Nzuguni, mlinzi wa usiku, mama lishe, au mfanyabiashara anayefuata mahindi Kibaigwa.

Hatua ya kwanza ni kuielewa baridi yenyewe. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai joto la alfajiri hushuka hadi kiasi cha nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Hiyo si baridi ya kugandisha maji. Kinachotuumiza ni upepo, ambao hupeperusha ile hewa ya vuguvugu inayoizunguka ngozi kabla haijatufaa, na mtu anayeendesha pikipiki kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa hujitengenezea upepo wake hata siku iliyotulia. Kwa hiyo tafuta kwanza glavu zisizopitisha upepo. Ukitia kipasha mikono ndani ya glavu ya sufi yenye matundu, utakuwa unaupasha moto upepo wa Dodoma, nao haujawahi kutosheka.

Hatua ya pili, jiulize mikono yako inafanya kazi gani wakati wa baridi. Mlinzi aliyekaa kwenye kibanda anaweza kukishika kifaa na kukigeuzageuza mfukoni usiku kucha. Dereva wa bodaboda hawezi, kwa sababu mikono yake iko kwenye usukani, kwenye breki na klachi, na kitu kigumu kiganjani ni hatari. Yeye atafute pakiti laini inayokaa juu ya mgongo wa mkono ndani ya glavu, au akubali kupasha vidole anaposubiri abiria kijiweni.

Sasa tazama vifaa vyenyewe. Hiki cha kwanza ni kifuko cha kutumia mara moja. Ndani yake mna unga wa chuma, chumvi, mkaa na maji kidogo. Ukifungua karatasi ya nje, hewa huingia, chuma kinaanza kushika kutu, na kutu hiyo ndiyo inayotoa joto kwa muda wa saa sita hadi kumi hivi. Kwa kuwa kinahitaji hewa, ukikibana sana kinapoa. Ukifika uendako mapema, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, nacho kitasimama mpaka utakapokihitaji tena. Kasoro yake ni kwamba unakinunua kila siku, na ukipiga hesabu ya msimu mzima utashangaa.

Hiki cha pili, chenye maji mazito na kibati kidogo ndani, hutumia asetati ya sodiamu, aina ya chumvi inayotoa joto inapoganda. Nakibonyeza kibati, na unaona maji yanavyoganda papo hapo na kufikia karibu nyuzi 54. Joto lake halidumu sana, pengine nusu saa au saa moja, lakini unaweza kukirudisha katika hali yake kwa kukichemsha ndani ya maji, huku umekiviringishia kitambaa kisiguse sufuria, hadi punje zote ziyeyuke. Ikibaki hata punje moja, kitaganda tena chenyewe kikipoa. Kwa maoni yangu hiki ni kifaa cha mama lishe, ambaye sufuria ya maji ya moto haimwondoki jikoni tangu alfajiri.

Cha tatu ni hiki kikopo cha chuma kilichobuniwa Japani miaka ya 1920. Hujazwa mafuta maalumu ya viberiti vya chuma, na mvuke wake huungua polepole bila mwali juu ya kitambaa chenye platinamu, yaani chuma kinachochochea uunguaji, kwa saa 12 au zaidi. Kinadumu kuliko vingine vyote. Hata hivyo hutoa harufu, kinahitaji hewa, na hakifai ndani ya chumba kilichofungwa. Naomba nisisitize jambo moja kwa ndugu zangu wa bodaboda, maana najua wazo hili litakuja: usikijaze petroli ya tangi la pikipiki. Inaweza kukuunguza, na pia huharibu kile kitambaa chenye platinamu.

Cha nne ni cha betri ya kuchaji, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Muuzaji atakuambia kina mAh 10,000 au hata 20,000, mAh ikiwa kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kubeba. Usimbishie, kipime kwenye mizani. Seli moja, yaani betri ndogo ya umbo la silinda, ya aina inayotumika sana katika vifaa hivi, hubeba mAh 3,500 ikiwa nzuri kabisa, na uzito wake hukaribia gramu 50. Kifaa cha mAh 10,000 kinahitaji seli tatu, yaani gramu 150 za betri peke yake kabla hujahesabu ganda lake. Hiki nilichoshika kimeandikwa 10,000, lakini mizani inasoma gramu 95 pamoja na ganda. Maandishi na uzito havipatani, nami naiamini mizani.

Ukishapata kiasi cha kweli, hesabu ya muda ni rahisi. Zidisha mAh kwa 3.7, ambayo ni volti ya kawaida ya seli hizi, kisha gawanya kwa 1,000, upate wati-saa, yaani nishati iliyomo; ukiigawanya kwa wati za kifaa, unapata saa. Betri ya mAh 5,000 ina wati-saa 18.5, na kama kifaa kinatumia wati 5, hakiwezi kuvuka saa tatu na dakika 42 hivi, hata kama boksi limeandikwa saa kumi. Muulize muuzaji muda huo umepimwa katika kiwango kipi cha joto, kwa kuwa mara nyingi ni kile cha chini kabisa.

Hatua inayofuata ni joto lenyewe. Ngozi inaweza kuungua hata kwa nyuzi 44 ikiwa imegusana na kifaa kwa saa nyingi, na kwa nyuzi 50 dakika chache zinatosha. Kwa hiyo chagua chenye viwango viwili au vitatu vya joto, kinachojizima chenyewe, na kiwe na kifuko cha kitambaa. Usilale nacho. Mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimepoteza hisia asikitumie kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu hatahisi anapoungua.

Ikiwa safari yako ni ya kupanda Hanang au Kilimanjaro, kumbuka kwamba hewa ya huko juu ni nyepesi, hivyo kile cha unga wa chuma na kile cha mafuta hupungua nguvu. Cha betri nacho ukiweke karibu na mwili, kwa kuwa baridi kali huidhoofisha betri.

Mwisho, kijaribu nyumbani. Kichaji hadi kijae, kiwashe katika kiwango utakachokitumia kweli, kitie mfukoni ukiwa uani saa kumi na moja alfajiri, na uandike saa kilipowaka na saa kilipozimika. Risiti usiitupe hadi jaribio hilo likamilike.