Ardhi Inapotembea Chini ya Msingi

Mhadhara kwa mafundi na wenye nyumba, Tanga

Asalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Nashukuru kwa nafasi hii, maana jambo nililokuja nalo, mabomba ya maji kupasuka chini ya sakafu, linawamaliza watu fedha, na wengi wanalitibu pasipo kuujua ugonjwa.

Hiki nilichoshika ni kipande cha bomba la shaba la nusu inchi. Kimekatwa chini ya sakafu ya bafu. Nitakipitisha, kila mtu akishike, na mtazame mambo mawili. Hapa ubavuni pana alama inayong'aa kuliko kwingine. Pitisha kucha, utasikia kibonde. Mahali hapo bomba lilikuwa limeegemea kokoto moja tu, likasuguana nayo mpaka shaba ikaliwa. Halafu njoo hapa penye elbo, kile kiungo cha kona, kando kidogo ya lehemu. Pana ufa unaozunguka bomba, mwembamba hata lazima uuinamishe kwenye mwanga ndipo uuone. Sasa chungulia ndani: safi kabisa. Hakuna uozo, hakuna magadi yaliyoganda. Shaba hii haikuoza. Ilisuguliwa na ikakunjwa, na aliyeisugua na kuikunja ni ardhi iliyo chini ya nyumba.

Kwa hiyo ninachowaombeni leo ni hiki: bomba likipasuka chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, uulizeni udongo kwanza kabla hamjamgeukia fundi bomba au mwenye duka. Ukiziba tundu na ardhi ikaendelea kutembea, utavunja sakafu tena, na mara hii itakuwa chumba kingine.

Ardhi inatembea vipi? Tuanze na mfinyanzi. Udongo huu umeundwa na chembe bapa, ndogo mno, zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Maji yakipenya katikati, udongo unavimba kama kitabu kilicholowa. Yakitoka, unanywea. Si kila mfinyanzi unafanya hivyo kwa kiasi kimoja. Mkorofi kuliko wote ni ule mweusi wa mbugani. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mtu anatumbukiza mkono, masika unafumba na kunata kwenye viatu mpaka mguu hauinuki. Ukivimba chini ya msingi unaweza kusukuma juu kwa nguvu inayoishinda nyumba yetu ya kawaida isiyo na ghorofa. Uzito wa tofali na bati hautoshi kuukalisha.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kiini. Nyumba nzima ikipanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, bomba halina shida. Balaa ni upande mmoja kupanda na mwingine kubaki. Katikati ya nyumba, chini ya jamvi, jua halifiki wala mvua hainyeshi, kwa hiyo unyevu haubadiliki sana. Pembeni mwa kuta ndiko udongo unakolowa masika, unakauka Januari na Februari, unalowa tena. Basi pembe za nyumba zinapanda na kushuka huku katikati kumetulia. Bomba linalotoka nje kuingia ndani linavuka mpaka huo. Mwisho mmoja umeshikwa na ardhi inayotembea, mwingine umeshikwa na zege lililotulia.

Tanga yetu udongo wake si wa namna moja. Ukanda wa Raskazone, ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la matumbawe. Pongwe kuna mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko huko. Kwingine ni mchanga, kwingine mfinyanzi mwekundu, na kwingine, tuseme kweli, ni bonde lililofukiwa kifusi ndipo likapimwa viwanja. Mtu anaweza kujenga nyumba nusu ya msingi iko juu ya jiwe na nusu juu ya kifusi. Hiyo naiogopa kuliko iliyokaa yote juu ya mfinyanzi. Jiwe halishuki, kifusi kinashuka, na bomba linalopita kwenye mpaka wa viwili hivyo ndilo linalobeba tofauti yote.

Na chokaa nayo ina yake. Mapango ya Amboni mnayajua, yako hapo kaskazini mwa mji, na yalichimbwa na maji yaliyolila jiwe la chokaa kwa miaka isiyohesabika. Bomba lako likivuja mwaka mmoja halitachimba pango. Ila maji yanakokota mchanga na udongo laini, yanauingiza kwenye nyufa ambazo jiwe lilikuwa nazo tangu zamani, na chini ya sakafu panabaki uwazi. Unagonga sakafu kwa fimbo, inaitika.

Tatizo hili lina wenyeji wake wakubwa mbali na hapa. Marekani, jimbo la Texas, kwenye miji kama Dallas na Houston, nyumba nyingi zimejengwa juu ya jamvi moja la zege lililolazwa juu ya mfinyanzi unaovimba, na kwa miaka mingi mabomba ya shaba yalipitishwa chini ya jamvi hilo hilo. Huko kutafuta mvujo chini ya sakafu ni kazi inayojitegemea, watu wanaisomea. Uingereza, ukame wa 1976 uliukausha mfinyanzi wa London na wa kusini mashariki, misingi ikashuka, kuta zikapasuka, na kampuni za bima zikafurikwa na madai. Sisi hapa shaba hatuna nyingi. Nyumba zetu nyingi zina mabomba ya plastiki, na zile za zamani zina ya chuma. Shaba mtaikuta kwenye hoteli, kwenye baadhi ya majengo ya zamani, na kwenye nyumba zilizofungwa heta ya jua. Nimeichagua kwa sababu inaonyesha alama za ardhi waziwazi kuliko bomba jingine lolote, kama mlivyoona kwenye hicho kipande.

Shaba ina tabia ambayo mafundi umeme mnaijua mikononi. Chukua waya wa shaba, ukunje, ukunjue, ukunje tena. Mwanzo ni laini, halafu unahisi unakaza, halafu unakatika. Shaba ikikunjwakunjwa inakuwa ngumu na inapoteza uvumilivu wake. Ardhi inafanya kitendo hicho hicho polepole sana, vuli na masika, mwaka baada ya mwaka, na inakifanya mahali ambapo bomba halina pa kwenda: kwenye elbo, kwenye tii, yaani kiungo cha njia tatu, na pale linapopenya ukuta wa msingi likiwa limekumbatiwa na zege kavu kavu. Nyufa nyingi ziko hapo.

Bomba la maji moto linaumia zaidi. Mita 10 za shaba, maji yakipanda joto kwa nyuzi 40, zinarefuka karibu milimita 7. Zikipoa zinarudi. Kila anayeoga asubuhi analisogeza bomba lake. Kama limelazwa kwenye mchanga laini halina neno. Kama limelazwa juu ya kokoto au limegusa nondo, kila kuoga ni kusugua. Na udongo ukivimba unalibana zaidi kwenye hilo jiwe. Unene nao una sehemu yake: bomba la nusu inchi la daraja K lina ukuta wa milimita 1.24, la daraja L milimita 1.02, la daraja M milimita 0.71 tu. Kupitisha M chini ya ardhi ni kujitafutia.

Niongeze moja kwa sababu ya viwanja vyetu vilivyobanana. Msipitishe shaba karibu na shimo la choo. Amonia, ile hewa kali inayotoka kwenye mkojo, inaila shaba, na inakimbilia pale ambapo shaba tayari imevutwa au imekunjwa.

Sasa mvujo ukianza, mambo yanageuka. Kwenye mfinyanzi, maji yanayovuja yanauvimbisha udongo mahali pamoja, sakafu inainuka hapo, bomba linakunjwa zaidi, tundu linapanuka, maji yanaongezeka. Kwenye mchanga na kifusi ni kinyume: maji yanachukua udongo, sakafu inakosa pa kulalia, inashuka na bomba lake. Njia mbili, mwisho mmoja. Ndiyo maana mtu anaona ufa ukutani na maji sakafuni wakati mmoja, kisha anabishana na fundi kipi kilitangulia. Mara nyingi ardhi ndiyo ilitangulia, mvujo ukaichochea.

Na msidharau mvujo mdogo. Lita moja kwa dakika ni uzi mwembamba wa maji. Kwa siku ni lita 1,440. Kwa mwezi inapita yuniti 43 za mita. Fedha hizo mnazilipa, na maji hayo yote yako chini ya vitanda vyenu.

Kuujua mvujo ni rahisi. Usiku watu wakilala, funga bomba zote, hakikisha simtanki halijazi maji na choo hakitiririshi, kasome mita. Alfajiri kabla hujatawadha isome tena. Kama imesogea, maji yanakwenda mahali. Kisha funga maji yanayoingia kwenye heta pekee, rudia. Mita ikitulia, mvujo uko upande wa moto. Tembea pekupeku juu ya marumaru: penye vuguvugu pasipo sababu ndipo penyewe. Na utazame nyumba: mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwaruza juu, ufa unaotoka pembe ya dirisha ukipanda mshazari, marumaru zinazolia ukizikanyaga. Chora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa, andika tarehe. Ufa unaokwenda na majira ni habari ya udongo.

Kwenye ujenzi mpya, ushauri wangu hauna kona: msipitishe bomba la maji safi chini ya jamvi kama kuna njia nyingine. Lizungushe nje, lipandishe ukutani, lipitishe darini. Litaonekana, na likivuja utaliona siku hiyo hiyo. Likilazimika kupenya msingi, lipitishe ndani ya bomba kubwa la plastiki, uache uwazi wa sentimita 2 na nusu hadi 5 kuzunguka, uzibe ncha kwa kitu laini ili mchwa na panya wasiingie. Ule uwazi ndio unaoliokoa: msingi ukishuka, haulikalii bomba. Mtaro wake mwagieni mchanga uliochekechwa chini na juu, bila kokoto. Lakini tahadhari, huo mchanga unaweza kuwa njia ya kuyaleta maji ya mvua chini ya nyumba. Karibu na ukuta, sehemu ya mtaro ijazwe mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji yakome hapo.

Nalo paa. Paa la mita za mraba 100 likipokea mvua ya milimita 50, na masika yetu inanyesha hivyo, ni lita 5,000. Gata likiwa limekatika kwenye kona moja, sehemu kubwa ya maji hayo inashuka kwenye kona hiyo. Nimeona watu wakivunja bafu zima kutafuta bomba huku gata liko wazi juu ya vichwa vyao. Tengeneza gata, peleka maji mbali, sakafia ukingo wa nyumba kwa mteremko wa kutoka. Mti mkubwa kama mwarobaini nao usiwe dirishani kwenye udongo wa mfinyanzi, unafyonza maji upande mmoja.

Mama pale nyuma ameuliza: nyumba imeshajengwa, bomba liko chini, limeshapasuka mara ya pili, afanye nini? Mama yangu, usizibe mara ya tatu. Liache huko chini limekufa, likatwe na kuzibwa pande zote mbili, upitishiwe bomba jipya juu. Kwa maji moto fundi achague plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya moto, maana ya kawaida italainika. Gharama yake mara nyingi haizidi kuvunja na kurudishia marumaru.

Kaka hapa ameuliza kama anaweza kung'oa shaba yote mwenyewe na kuweka plastiki. Anaweza, ila kwanza amwite fundi umeme. Kwenye nyumba za zamani waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, wakati mwingine umefungwa kwenye bomba la chuma au la shaba linaloingia ardhini. Ukiweka plastiki katikati, ethi imekatika na hakuna atakayejua mpaka heta iwe na hitilafu na mtu yuko ndani anaoga. Fundi apime ethi, achimbie fimbo yake ardhini, ndipo bomba litolewe.