Kadi Alitoboa Nani?

Wenzangu, asanteni. Mada niliyopewa ni pana: utafiti wa sasa, mijadala na fursa katika insia za kidijitali, yaani utafiti wa lugha, fasihi na historia kwa kompyuta. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi, hata nianze wapi, nitaishia Gallarate, mji wa Italia. Leo naanzia huko huko, tusipotezeane muda.

Kisa cha Padri Roberto Busa mnakijua. Mjesuiti wa Italia, mwaka 1949 akaenda New York kumwona Thomas Watson, mkuu wa IBM, kampuni ya mashine za kuchakata takwimu, akaomba mashine zimsaidie kuorodhesha kila neno katika maandishi ya Kilatini ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Maneno kama milioni 11, miaka thelathini ya kazi, mabuku 56. Basi padri akaitwa baba wa fani yetu. Sina ugomvi naye. Nina swali moja tu la kishamba: kadi alitoboa nani?

Maana mashine ya wakati ule haikusoma kitabu, ilisoma matundu yaliyotobolewa kwenye kadi za karatasi. Ili neno la Kilatini lifike kwenye kadi, sharti mtu aketi, atazame mstari, abonyeze vitufe, kisha mwingine apige upya maneno yale yale ili kuhakikisha matundu yamelingana. Kutwa, mwaka hadi mwaka. Walioketi pale walikuwa wasichana waliofunzwa katika shule ya Busa huko Gallarate, kaskazini mwa Italia, miaka ya 1950 na 1960. Hawakuwa wasomi wa Kilatini, na fikirini ilivyo kuchapa bila kosa lugha usiyoielewa! Ilibidi tungoje karne hii ndipo mtafiti wa fani yetu Melissa Terras atazame picha za zamani na kuuliza hawa walioketi kwenye mashine ni akina nani, na mtafiti mwenzake Julianne Nyhan awafuate, wakiwa wameshazeeka, awahoji. Baba tulimjua tangu mwanzo. Wakunga hatukuwauliza hata majina.

Bwana mmoja hapo mbele anatabasamu. Najua analotaka kusema: Mwalimu, hayo ni ya enzi za kadi, leo mashine inasoma yenyewe. Haisomi yenyewe, bwana! Chukua magombo ya Herculaneum, hati za mafunjo zilizoviringishwa za mji wa kale wa Kirumi, yaliyoungua mlima Vesuvio ulipolipuka mwaka 79, yakawa vipande vya makaa. Ukijaribu kuyakunjua yanamomonyoka. Mwaka 2023 likatangazwa shindano la kuyasoma bila kuyafungua, na Oktoba mwaka huo huo mwanafunzi Luke Farritor akapata neno zima la kwanza: porphyras, yaani zambarau. Februari 2024 yeye, Youssef Nader na Julian Schilliger wakatuzwa dola 700,000. Nilishangilia kama mtoto.

Lakini kabla ya akili unde kutafuta wino, walikuwapo watu waliokaa na picha za eksirei, tabaka kwa tabaka, wakifuatisha kwa mkono karatasi moja inapopita na nyingine inapoigusa. Hata dalili ya kwanza ya wino haikuonwa na programu. Casey Handmer, mshiriki wa shindano, alizikodolea picha macho saa nyingi mpaka akaona nyufa nyufa kama za tope lililokauka. Ndipo programu zikapata cha kujifunza. Mkono kwanza, mashine baadaye. Ni Gallarate ile ile, kadi tu ndizo hazipo.

Na mkono ukiondoka mapema, mnajua kinachotokea. Google walipoweka hadharani grafu zao za kuonyesha neno lilitumika mara ngapi vitabuni kila mwaka, mwaka 2010, Waingereza wa karne ya 18 walionekana kuwa watukanaji hodari. Kumbe herufi ya s ndefu ya vitabu vya kale, inayofanana na f, ilisomwa f, na neno la Kiingereza la kawaida kabisa la kunyonya likageuka tusi. Mtu asiyejua angeandika tasnifu juu ya kuporomoka kwa maadili.

Haya, fursa. Nitasema moja, kwa sababu ndiyo ninayoiamini. Chukueni utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika hati nyingi za kale, ba hiyo hiyo huwa b, huwa p, huwa mb. Alama za irabu nazo: kasra ni i na ni e, dhama ni u na ni o, fataha ni a. Ukiona ba yenye kasra, kisha ta yenye fataha, umeandikiwa pita au peta? Mashine itakuchagulia mojawapo, nayo haitaona haya. Mtu anayejua vina atatazama mwisho wa mshororo, atahesabu mizani, atasoma ubeti mzima, ndipo aseme. Sasa basi: programu ya kusoma miandiko ya mkono kama Transkribus inaweza kuanza kufunzwa mwandiko wa mtu mmoja kwa makumi machache ya kurasa zilizonukuliwa sawasawa. Makumi! Si maelfu. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na mwalimu anayezijua hati anaweza kuifanya kazi hiyo. Ila mkishanukuu, andikeni ndani ya faili ni nani alinukuu, nani alisahihisha, na neno gani mlilitilia shaka. Msiniletee faili yatima.

Mijadala sasa, kwa haraka, naona mwenyekiti amesogeza kiti. Mwaka 2019 mhakiki wa fasihi Nan Z. Da alidai kwamba katika uchanganuzi wa fasihi kwa kompyuta, kilicho thabiti tulikwisha kukijua, na kilicho kipya si thabiti. Nakubaliana naye nusu, na nusu nyingine inahitaji mhadhara wake. Hakimiliki naiacha. Uhifadhi nao: BBC mwaka 1986 iliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la kale la ardhi na mali za Uingereza, kwa diski za leza, na haikupita hata miaka ishirini kabla ya mashine za kuzisomea kuwa adimu. Daftari lenyewe la ngozi, la mwaka 1086, linasomeka hadi leo. Nilikuwa na picha zake, ila muda hautoshi.

Naona mkono kule nyuma. Karibu uulize, ila kama swali ni lini mashine itaacha kutuhitaji, nitarudi Gallarate.