Zamu Kwanza, Wastani Baadaye

Ndugu zangu, hili nimelisema kila nilipopewa nafasi, na leo nalirudia kwa sababu bado naletewa roboti yenye vihisi vinne vya infraredi (vya kupima umbali kwa mwanga usioonekana kwa macho), vyote vikiwaka kwa pamoja, na mwenyewe anauliza mbona namba za umbali zinarukaruka. Kabla sijajibu, ananiambia: "Basi nitachukua wastani."

Hapana! Wastani hupunguza kelele za nasibu tu, yaani makosa yanayotokea kwa bahati, tena kwa vihisi vinne kelele hizo zinashuka hadi nusu, si robo. Kihisi kikipokea mwanga wa jirani yake, hiyo si nasibu tena. Wastani utakupa namba iliyotulia, na bado si kweli.

Fanyeni jaribio hili. Simamisheni ubao mweupe sentimita 50 mbele. Washeni kihisi kimoja peke yake, mwandike vipimo mia moja. Kisha washeni cha pili bila kugusa kitu kingine. Vipimo vya cha kwanza vikihama au vikitawanyika, funikeni kitoa mwanga cha jirani kwa karatasi ya alumini. Nasema alumini, msiniletee utepe mweusi, maana plastiki nyingine nyeusi hupitisha infraredi kama haipo. Vipimo vikitulia, tatizo ni mwanga. Vikiendelea kuruka, tazameni umeme: vihisi hivi huvuta mkondo kwa mapigo, kwa hiyo wekeni kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme) ya maikrofaradi 10 au zaidi karibu kabisa na kihisi.

Tatizo likiwa mwanga, dawa ni zamu: kihisi kimoja kiwake, vingine vizimwe. Najua mtasema zamu zinachelewesha. Kihisi cha aina ya VL53L0X hutumia kama milisekunde 33 kwa kipimo kimoja. Vinne kwa zamu ni 132, na roboti inayokwenda nusu mita kwa sekunde itakuwa imesogea sentimita 6.6. Ni kweli, ni nyingi. Lakini nani kasema zamu ni ya kimoja kimoja? Cha mbele na cha nyuma havitazami kitu kimoja, viwasheni pamoja. Kisha kushoto na kulia. Mmeshapunguza nusu.

Mengine haraka. Kila kihisi kiwe na jedwali lake la masahihisho (kipimo chake kando ya umbali halisi), hata vikitoka boksi moja. Mkifika kwenye wastani wa vihisi vinavyotazama kitu kimoja, kihisi ambacho vipimo vyake hutawanyika kidogo kipewe uzito mkubwa. Na wenye kihisi cha Sharp GP2Y0A21, kinachotoa umbali kama volti: chini ya sentimita 10 msikiamini, maana kitu kikisogea karibu zaidi volti hugeuka na kushuka, kitu kilicho karibu kikaonekana kiko mbali. Kihisi kirudisheni ndani ya fremu sentimita 10, mwale ukibaki wazi.