Kufunga SPD kwenye DB: kata waya uwe mfupi

Mambo vipi wadau, leo tunafunga SPD kwenye DB (lile boksi la breka), kile kidude kinachokula saji ya radi, yaani volti inayoruka juu ghafla, kabla haijafika kwenye tivii na friji. Na radi si lazima ipige kwako, ikipiga laini ya 11 kV au 33 kV huko mbali saji inatembea na waya, areta (vikinga saji) za pale kwenye transfoma zinapunguza sana ila mabaki yanakuja mpaka ndani.

Zima mein switchi. Pima na mita, fezi kwa nyutro, fezi kwa eathi, na uangalie, upande wa mein switchi unaotoka Luku bado una moto hata ukizima. Kama hujawahi kufungua DB tazama tu halafu muite fundi mwenye leseni ya EWURA, sitanii.

Hii yangu ni Taipu 2, ile ya kufunga ndani ya DB, pembeni imeandikwa Uc 275V, yaani volti ya juu inayoweza kuvumilia muda wote. Umeme wetu ni 230V, kwa hiyo iko sawa.

Ipachike kwenye reli karibu kabisa na mein switchi. Fezi inapita kwanza kwenye breka yake (saizi iko kwenye karatasi ya kiwanda) ndo inaingia L, nyutro N, eathi huku chini, waya wa 6 mm².

Sasa hapa ndo mafundi wengi wanaharibu, wanaacha waya mrefu wanauzungusha vizuri kama koili ili DB ipendeze. Jamani! Saji ikipanda kwa kasi ya 1 kA kwa maikrosekunde, kila mita ya waya inaongeza kama volti 1000, na hizo zinajumlishwa juu ya zile SPD inazoachia, tivii ndo inabeba zote. Toka fezi hadi SPD, toka SPD hadi baa ya eathi, jumla isizidi nusu mita. Ona huu, nakata hapa, unaenda moja kwa moja.

Washa. Kidirisha kikiwa kijani ni nzima, kikiwa chekundu badilisha katriji.

Ila nyutro ikikatika nguzoni, volti inaweza kupanda kuelekea 400 na ikakaa hapo dakika nzima, SPD haiwezi hiyo, itaungua yenyewe. Hapo funga na voltage gadi, kile kinachokata umeme volti ikizidi, mimi naiseti ikate kwenye 260 na ikae dakika tatu kabla ya kurudisha, kompresa ya friji ipumue.