Una miaka 40 na kitu, unataka kazi ya hoteli? Sikiliza kwanza

Asalaam aleykum, hamjambo nyote, Mombasa na kwengineko. Nimetoka shifti sasa hivi hapa Doha, basi mnivumilie sauti. Swali mnaloniletea ni lile lile: "Dada, nina miaka 40 na kitu, kazi imekwisha, naweza kuingia hoteli?" Nikisema ndiyo, mtasema najigamba. Nikisema tabu zake, nitaambiwa rudi nyumbani kama umechoka. Nitasema yaliyonipata mimi, wewe yapime na hali yako.

Wanaonijua wanajua nilikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya, ilipoanza 2018, makontena yakawa yanapita kwenda kutolewa Nairobi, na ofisi yetu ikapunguza watu. Nilipoingia hoteli pale Shanzu, hakuna aliyeniuliza umri. Kilichonibana ni pesa. Cheti cha tabia njema cha polisi, shilingi 1,050 kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, halafu foleni ya alama za vidole. Cheti cha afya kwa wanaoshika chakula, na hicho unapimwa upya kila miezi 6. Ukitaka kutoka nje ya nchi, pasipoti ya kurasa 34 sasa ni 7,550. Zote hizo unazitoa hujaona hata senti ya mshahara, na watoto wanasubiri karo.

Halafu kuna msimu. Aprili mpaka Juni mvua inapiga, wageni hakuna, na kibarua ndiye wa kwanza kuambiwa "tutakupigia". Hiyo simu unaweza kuingoja mpaka Julai. Mimi nisingemshauri mtu mwenye familia aache kazi Machi.

La umri, wallahi, lilinisumbua nyumbani kuliko kazini. Ndugu zangu wenyewe walisema, mama mzima aende kutandika vitanda vya watu! Hao hao leo wananitumia ujumbe kila mwisho wa mwezi. Nasaidia ninapoweza, lakini lile neno bado linaniuma.

Na hata hivyo sikuanza na vitanda. Niliomba kazi ya kupokea bidhaa mlango wa nyuma, kwa sababu kukagua mzigo na karatasi ndiyo kazi niliyoijua. Muuza samaki analeta samaki aina ya changu saa kumi na mbili asubuhi, wamezikwa kwenye barafu. Unamwaga barafu kwanza, maji yachuruzike, ndipo unapima, ndipo unalinganisha na oda na kutia sahihi. Kijana aliyetoka chuoni alikuwa anapima na barafu yake, hoteli inalipia maji kwa bei ya samaki. Meneja aliliona hilo wiki ya kwanza. Kwa hiyo kama ulikuwa mhasibu, dereva, fundi umeme, hoteli ina mlango wako. Ingia na ulichonacho.

Kuhusu huku Ghuba. Tangu Machi 2021 sheria ya Qatar inasema mshahara wa msingi usipungue riyali 1,000, kama shilingi 35,000 hivi. Kuna 500 za malazi na 300 za chakula, lakini mwajiri akikulaza na kukulisha, hizo hupewi mkononi. Basi wakala akikutajia laki na nusu za usafi wa vyumba, mwambie akuonyeshe mshahara wa msingi kwenye mkataba, na uangalie jina lake kama limesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mimi kuna mmoja mjini alichukua pesa zangu za "vipimo", simu ikazimwa. Mpaka leo sijarudishiwa.

Na yule mama wa Likoni mwenye kibanda cha mahamri, aliyeuliza kama lazima akae chuo miaka miwili: nenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ukaulizie mtihani wa ufundi wa upishi. Wanaanzia gredi ya 3, ndiyo ya chini, na wanapima unachojua kufanya kwa mikono. Ukikosa hapo, pita chuo cha ufundi kilicho karibu nawe uulize kozi fupi. Ukipata karatasi niandikie, nitakusaidia kupanga wasifu wako.