Kiti Walichopewa: Wayahudi katika Maisha ya Afrika Kusini

Wazee wangu shikamooni, na ninyi vijana habari za jioni.

Naomba nianze na kikombe cha chai. Tuko Johannesburg, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kijana mmoja aliyetoroka kwao Transkei kukwepa kuozeshwa mke amepata kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili. Asubuhi ya kwanza, katibu muhtasi, binti wa Kizungu, anamweleza kwa upole kabisa kwamba hapa kwetu hakuna ubaguzi. Mleta chai akija, na wewe njoo ujichukulie kama sisi. Ila wewe na mwenzako Gaur mmenunuliwa vikombe vipya viwili, basi mtumie hivyo.

Huyo mwenzake, Gaur Radebe, Mwafrika mwenye msimamo, alipofika kwenye sinia aliviruka vile vipya huku wote wanaona. Akachukua kikombe cha zamani, akatia sukari, akatia maziwa, akakoroga taratibu. Kijana wetu mgeni hakutaka kumuudhi Gaur wala kumuudhi yule binti. Akasema hana kiu. Tangu siku ile akawa anakwenda kunywa chai yake jikoni, peke yake.

Kijana huyo ni Nelson Mandela, na kisa hiki alikisimulia mwenyewe. Mwajiri wake alikuwa wakili Myahudi, Lazar Sidelsky. Ofisi nyingi za mawakili wa Kizungu zisingekubali kumfundisha kazi Mwafrika, Sidelsky alikubali. Alimkopesha pauni 50. Akampa na suti yake ya zamani, ambayo Mandela aliivaa karibu kila siku kwa miaka mitano, hadi viraka vikawa vingi kuliko kitambaa chenyewe.

Nataka mvishike vyote viwili pamoja, suti na vikombe, kwa sababu vilitoka ofisi moja. Mtu akinieleza habari za Wayahudi wa Afrika Kusini akaniwekea suti tu, najua amenificha vikombe. Akiniwekea vikombe tu, najua amenificha suti.

Watu hawa walitoka wapi? Wengi wao wana asili ya Lithuania na maeneo jirani, ambayo zamani yalikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Kati ya mwaka 1880 na 1910 waliingia Afrika Kusini takriban 40,000, wakikimbia umaskini na mashambulizi. Walizungumza Kiyidi. Wengi walianza kama machinga: wanabeba sindano, vitambaa na sufuria, wanapita shamba hadi shamba kwa Makaburu, wanalala zizini. Baadaye wakafungua maduka, watoto wao wakasoma, wajukuu wakawa madaktari na mawakili.

Hata hivyo, mlango haukubaki wazi. Sheria ya mwaka 1930 iliwabana Wayahudi wa Ulaya Mashariki wasiingie tena. Mwaka 1936 meli iitwayo Stuttgart ilifika Cape Town na wakimbizi 537 kutoka Ujerumani ya Hitler, na bandarini wakalakiwa na maandamano ya kuwapinga. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria nyingine ya kuziba na upenyo huo. Chama cha Makaburu kilichochukua nchi mwaka 1948 kilikuwa na viongozi waliokuwa wamepinga waziwazi Wayahudi kuingia nchini.

Sasa tazameni jambo hili. Chama kilekile, kilipokuja kugawa watu kwa rangi, kiliwaandika Wayahudi kuwa Wazungu. Watu ambao Ulaya walikuwa wakiuawa kwa ajili ya damu yao, huku walipewa kiti mbele, penye kivuli. Ukikaa kwenye kiti kile na ukanyamaza, hakuna atakayekugusa. Wengi walikaa na wakanyamaza. Bodi iliyowasemea Wayahudi wa nchi nzima ilishikilia kwamba siasa ni ya kila mtu na nafsi yake, na haikulaani ubaguzi wa rangi kwa tamko la wazi hadi mwaka 1985. Sisemi haya kumsuta mtu. Nasema kwa sababu wale nitakaowataja hawakutumwa na jamaa zao. Wengi wao waliambiwa na jamaa zao: tulieni, msitutie mashakani.

Anzeni na Helen Suzman. Amezaliwa mwaka 1917 Germiston, mji wa migodi, binti wa wahamiaji kutoka Lithuania. Aliingia bungeni mwaka 1953 na akakaa humo miaka 36. Kuanzia 1961 hadi 1974 chama chake kilikuwa na mbunge mmoja tu, ndiye yeye. Miaka 13! Hebu mjiweke mahali pake. Unasimama kusema, upande huu wanakuzomea, upande ule wanakuzomea, karibu wote wanaume, na wengine wanakutupia maneno ya kukukumbusha kwamba wewe ni Myahudi. Nyumbani simu inalia usiku, unapokea, ni matusi. Mama huyu aliweka filimbi kando ya simu. Akitukanwa, anaipuliza kwa nguvu sikioni mwa mtukanaji.

Silaha yake kubwa ilikuwa maswali. Wangapi wamefungwa kwa kukosa pasi, ile hati ambayo Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo? Wangapi wamehamishwa kwa nguvu? Mawaziri walilazimika kujibu, majibu yakaandikwa katika kumbukumbu za Bunge, magazeti ya dunia yakayachapisha. Waziri mmoja akamshutumu kwamba maswali yake yanaiaibisha nchi. Akamjibu kwamba kinachoiaibisha nchi ni majibu yenu.

Mwaka 1967 aliruhusiwa kuingia Robben Island, kisiwa cha gereza alikofungwa Mandela na wenzake. Wafungwa wakamwelekeza: mwenye kutusemea yuko chumba cha mwisho. Mandela akamwambia, mkuu wa magereza akiwa hapohapo anasikiliza, kwamba kuna askari anawatesa, na askari huyo amejichora mkononi alama ya Wanazi. Mwambieni hivyo mwanamke Myahudi, ambaye huko walikotoka wazazi wake zaidi ya Wayahudi tisa katika kila kumi waliangamizwa na Wanazi na vibaraka wao! Haukupita muda mrefu, askari yule akaondolewa kisiwani.

Wapigania uhuru hawakupatana naye katika kila jambo. Alipinga vikwazo vya uchumi, na mimi naona hapo alikosea. Lakini kuna kura moja aliyoipiga ambayo ningependa kila mbunge wa Afrika aijue. Mwaka 1963 serikali ilileta sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka na bila wakili, na siku 90 zikiisha anaweza kuanziwa nyingine. Chama kikuu cha upinzani kiliikubali. Aliyeikataa ni Suzman peke yake.

Sheria hiyo ilianza kuuma mara moja. Agosti 1963 ilimkamata Ruth First. Huyu ni mwandishi wa habari, mzaliwa wa Johannesburg wa mwaka 1925, binti wa Wayahudi wakomunisti. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Bethal kufichua jinsi vibarua walivyotumikishwa kama watumwa kwenye mashamba ya viazi. Walimfungia siku 90. Zilipotimia wakamwachia, akatoka, na kabla hajafika nyumbani wakamkamata tena palepale barabarani. Jumla akakaa siku 117.

Alipokwenda uhamishoni hakupumzika. Kitabu cha Jaramogi Oginga Odinga cha mwaka 1967, kile chenye neno letu Uhuru katika jina lake, mhariri aliyemsaidia mzee kukiweka sawa alikuwa Ruth First. Baadaye akahamia Maputo kufundisha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Tarehe 17 Agosti 1982 alifungua barua ofisini kwake. Ndani mlikuwa na bomu, lililotumwa na majasusi wa Makaburu.

Sheria ileile iliwaweka ndani Arthur Goldreich na Harold Wolpe, Wayahudi wawili waliokamatwa kutokana na msako wa polisi wa Rivonia, karibu na Johannesburg, kwenye shamba lililokuwa maficho ya wapigania uhuru. Wakamhonga askari kijana, wakatoroka Agosti 11, wakavuka hadi Swaziland, na kutoka huko wakarushwa kwa ndege hadi Bechuanaland wamevaa mavazi ya mapadri. Ndege iliyokuja kuwachukua Francistown ililipuliwa ikiwa uwanjani. Hatimaye walifika, na mji waliofika ni Dar es Salaam. Huku kwetu ndiko walikoshusha pumzi.

Kuhusu kesi yenyewe ya Rivonia, Wazungu wote waliokamatwa katika msako ule walikuwa na asili ya Kiyahudi. Denis Goldberg alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela mwezi Juni 1964. Mama yake aliketi mahakamani na hakusikia vizuri hukumu. Akapaza sauti kumuuliza mwanawe ni nini. Denis akamjibu kwa furaha: ni maisha! Maana wote walitarajia kitanzi. Kwa kuwa ni Mzungu hakupelekwa Robben Island na wenzake. Alifungwa Pretoria miaka 22. Hata gerezani kiti cha Mzungu kilimfuata.

Miongoni mwa mawakili wa utetezi walikuwamo Joel Joffe na Arthur Chaskalson, Wayahudi. Na mwendesha mashtaka, aliyewakaba koo kwa ari isiyo ya kawaida? Percy Yutar, Myahudi pia, mtu wa sinagogi. Mwaka 1995 Rais Mandela alimwalika Yutar chakula cha mchana, na akaagiza kipikwe chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi, ili mgeni wake aweze kula.

Nitapita upesi kwenye sanaa, ingawa wapenzi wa sanaa mtanilaumu. Nadine Gordimer wa Springs, binti wa fundi saa mhamiaji, aliandika riwaya zilizopigwa marufuku nchini mwake, na mwaka 1991 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hotuba ya Mandela kizimbani, aliposema yuko tayari kufa, Gordimer alikuwa mmoja wa walioisoma rasimu yake. David Goldblatt wa Randfontein alipiga picha za nchi yake kwa zaidi ya nusu karne, na mwaka 1989 akaanzisha karakana ya kuwafundisha upigaji picha vijana ambao milango ya vyuo ilifungwa kwao. Johnny Clegg, ambaye mama yake ni Myahudi, alijifunza Kizulu, gitaa na ngoma kwenye mabweni ya vibarua akiwa mvulana, akakamatwa na polisi kwa kuingia mahali ambapo rangi yake haikuruhusiwa. Mwaka 1987 akatoa wimbo wa kusema kwamba hatujamwona Mandela. Mwaka 1999, Ujerumani, alikuwa jukwaani anauimba, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Akageuka nyuma. Mzee Mandela mwenyewe alikuwa anakuja jukwaani, anacheza.

Sasa nirudi nyumbani. Joe Slovo alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Obeliai, Lithuania. Aliletwa Johannesburg angali mtoto. Baba yake akawa dereva wa lori. Agosti 1941 Wayahudi wa Obeliai walipigwa risasi wakamalizwa. Slovo alisomea sheria, akamwoa Ruth First, akawa miongoni mwa waasisi wa jeshi la ukombozi. Mwaka 1969 alikuwapo Morogoro, kwenye mkutano ule mkubwa wa ANC, chama cha ukombozi cha akina Mandela, na ni mmoja wa waandishi wa waraka wa mikakati uliopitishwa pale. Ni hapo Morogoro ambapo ANC iliamua kuwapokea wasio Waafrika kuwa wanachama. Halmashauri Kuu bado haikuwa yao. Hiyo ilifunguliwa Kabwe, Zambia, mwaka 1985, na Mzungu wa kwanza kuchaguliwa kuingia humo ni Slovo.

Mwaka 1992, mazungumzo yakiwa yamekwama, mkomunisti huyu ambaye mke wake aliuawa na serikali ileile ndiye aliyependekeza wagawane madaraka na Makaburu kwa muda maalumu, na watumishi wao wa serikali wasifukuzwe. Wenzake wengine walikasirika. Mpango ukapita. Akawa Waziri wa Nyumba, na Januari 1995 saratani ikamchukua. Amezikwa Soweto, kwenye makaburi ya Avalon.

Mwezi uliofuata, Februari 1995, Mahakama ya Katiba ilizinduliwa. Rais wake wa kwanza alikuwa Chaskalson, yule wakili wa Rivonia. Mandela alipokuja kuifungua alisema mara ya mwisho kusimama mahakamani ilikuwa kusikia kama atanyongwa. Juni ya mwaka huohuo majaji wale, katika hukumu yao kubwa ya kwanza, walifuta adhabu ya kifo.

Miongoni mwao aliketi Albie Sachs. Naye alifungwa kwa sheria ya siku 90. Naye alikwenda Maputo. Tarehe 7 Aprili 1988 alifungua mlango wa gari lake, bomu likalipuka, likamkata mkono wa kulia na kumpofusha jicho moja. Miaka ikapita. Siku moja mtu akaja ofisini kwa jaji akasema yeye ni mmoja wa waliopanga lile bomu. Wakazungumza muda mrefu. Wakati wa kuagana Sachs alimwambia: siwezi kukupa mkono leo. Nenda kwanza kwenye Tume ya Ukweli na Maridhiano, ukaseme ulichofanya, kisha labda tutaonana.

Alikwenda, akasema. Baadaye wakakutana kwenye sherehe, mtu yule akamwita jaji kwa jina, akamweleza kwamba amekwisha kusema yote. Sachs akanyoosha mkono.

Huku kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima. Sachs alimpa wa kushoto, ndio uliobaki. Mtu yule akaupokea. Sachs anasimulia kwamba alikuja kuambiwa baadaye kuwa mwenzake yule aliondoka kwenye sherehe, akaenda nyumbani, akalia kwa wiki mbili.

Ahsanteni. Nipo kwa maswali.