Neno Moja, Kazi Nyingi: Aina za Maneno ya Kiingereza

Nashukuru, Mwenyekiti. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana.

Nimeandika ubaoni sentensi nne zenye neno "fast". A fast car. He runs fast. Muslims fast during Ramadan. The door is stuck fast. Ya kwanza ni kivumishi: gari lenye kasi. Ya pili ni kielezi: anakimbia mbio. Ya tatu ni kitenzi: Waislamu hufunga. Na ukisema "a long fast", limeshakuwa nomino. Ya nne ni kielezi tena, ila mlango umekwama, haubanduki. Kasi hapo imekwenda wapi?

Haikuwepo tangu mwanzo. Maana kongwe ya "fast" ni kukaza, kushika imara; ndiyo iliyobaki kwenye "fasten", kufunga mkanda. Anayefunga saumu naye ameshika sharti, amejikaza. Kasi ilizaliwa baadaye: anayekimbia kwa kujikaza ndiye anayekwenda mbio. Sasa hebu tujiangalie sisi: tunafunga mkanda, tunafunga Ramadhani. Lugha mbili zisizo na udugu zimepita njia ileile. Mimi hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka, ingawa halimpi mtu maksi hata moja kwenye mtihani.

Kitakachompa maksi ni hiki. Kwetu neno huvaa sare ya kazi yake: funga, mfungo, kifungo, mfungwa. Nani atadhani mfungwa ni kitenzi? Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na sare: "fæst" kivumishi, "fæste" kielezi, "fæstan" kitenzi. Kati ya karne ya 11 na ya 15 miisho ile ikafifia vinywani mwa watu, ikadondoka, na maneno matatu yakabaki na umbo moja. Tangu hapo kazi ya neno unaijua kwa mahali lilipokaa. Mwanafunzi tuliyemwambia kwamba kielezi huongezewa -ly ataandika "fastly", nasi tutampiga mkasi mwekundu, wakati kanuni tumempa wenyewe.

"Hard" ni hatari zaidi, kwa sababu "hardly" lipo kweli. I work hard: nachapa kazi. I hardly work: kazi sifanyi, labda kidogo sana. Sasa mtu anaomba ajira, anaandika kwa fahari "I work hardly". Alitaka kujisifu, amejichongea. "Late" na "lately" ni vivyo hivyo: la kwanza ni kuchelewa, la pili ni siku hizi za karibuni.

Kwenye "that" nitapita haraka. I know that that is true. La kwanza ni kiunganishi, la pili ni kiwakilishi. Hapa sikio linasaidia kuliko jicho: la kwanza hutamkwa kwa kumezwa, la pili hutiwa mkazo. Nasi tunayo mambo hayo: baraBAra ya magari, na baRAbara ya kusema sawasawa.

Wakati wa chai mwenzetu mmoja alisema Kiingereza ni lugha ya fujo. Mwulizeni Mwingereza anayejifunza "na" yetu! Juma na Asha: and. Nilikwenda na Juma: with. Aliitwa na Asha: by. Ana gari: has. Mwanafunzi wetu akiandika "I went and my brother", amechukua jibu la kwanza la kamusi, basi.

Siku hizi darasani sitoi orodha ya maneno na aina zake. Natoa sentensi, nafuta neno moja, nauliza: pengo hili linataka jina, tendo, au namna ya kutenda? Wakishabishana vya kutosha ndipo narudisha neno. Jaribuni na "round": a round table, the second round, round the corner, round up the goats.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale mbele.